Anayetoka Mbali Kuliko Wote

Kila asubuhi, kabla hawajagusa mikasi, wavunaji wa zabibu pale Makutupora walikuwa na mashindano yao: nani kaja kazini kwa taabu zaidi.

Anjelina alitoka Veyula kwa baiskeli isiyo na breki, akiisimamisha kwa kandambili. Filipo alidandia lori la mchanga na kushuka kama aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Habibu, dereva wa pikapu ya shamba, alilalamikia foleni za mjini, wakamzomea; mtu aliyekuja kazini amekaa kwenye kiti ana lipi la kusema?

Lakini mshindi walimjua wote. Mzee Matonya alitokeza peke yake kwenye barabara ya vumbi inayoelekea upande wa Haneti, kwa miguu, kikapu begani, vumbi hadi magotini. Akiulizwa anakaa wapi, alinyoosha kidole vilimani, na kidole chake kilionyesha nusu ya wilaya.

Dorothea, msimamizi wao, alimpokea getini. Alimtua kikapu, akamletea kikombe cha maji.

"Shikamoo, mzee. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

Na alipoa kweli. Mwaka wa tatu sasa tangu mkewe Tereza afariki, na hakuna mwingine aliyempa pole ya safari. Tereza hakumwacha avuke kizingiti na mzigo mkononi; hata akitoka kisimani tu, alimpokea kama karudi kutoka Dar es Salaam. Siku hizi Matonya akifika kwake anajitua mzigo mwenyewe, anakaa, na hakuna wa kumwuliza habari za huko atokako. Upweke huo ulimuuma kuliko njaa.

Mbwa wa shamba, anayembwekea kila mtu hata tajiri mwenye shamba, alikuja kumlamba vidole.

"Huyu naye kakupendea nini?" Dorothea alicheka. "Bora angekuwa yeye ndiye jirani yetu." Akaonyesha kwa mdomo ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya mlango wa bluu, iliyofungwa kama kawaida. "Kuku wake wanashinda humu wanatudonolea zabibu, mwenyewe hata kuja kusalimia haji. Tangu msimu uanze hatujamwona sura. Mtu gani yule?"

"Labda hajui aanzie wapi," alisema Matonya.

Siku hiyo Dorothea alikuwa na habari njema. "Mzee, nimeongea na tajiri, amekubali. Kuanzia leo jioni Habibu atakupeleka mpaka kwako, na asubuhi atakufuata. Umri wako si wa kutembea vile."

Wenzake wakapiga makofi. Matonya alikiangalia kikapu chake. Nani atampa pole mtu anayeshuka kwenye gari? Nani atamtua kikapu?

"Acha tu, mwanangu. Miguu imeshazoea."

"Hakuna cha kuacha." Dorothea alikuwa na huruma ya aina ile isiyokubali kukataliwa.

Jioni wakampandisha mbele, karibu na dereva. Wakapita mashamba ya mtama, wakapita kisima cha mwisho.

"Hapa?" aliuliza Habibu.

"Mbele kidogo."

Jua likazama. Wakakivuka kilima cha kwanza, wakashuka korongo, wakapanda tena.

"Hapa, mzee?"

"Mbele kidogo."

Habibu alikuwa akiiangalia geji ya mafuta, kisha anamwangalia Matonya, kisha geji tena. "Mzee wangu," alisema mwishowe, "unatembea hii yote kila siku ya Mungu? Mimi foleni sitaitaja tena."

Matonya alitazama nje. Walipofika penye kinjia kilichoingia kwenye miiba, akagonga dashibodi. "Nishushe hapa. Kwangu ni huko ndani, gari halifiki."

"Kesho nikufuate saa ngapi?"

"Usinifuate. Ukinifuata naacha kazi."

Hakuwa mtu wa maneno makali. Habibu akageuza gari, akaondoka. Matonya alisimama na kikapu chake mpaka taa nyekundu zikapotea kilimani.

Asubuhi alichelewa. Wenzake walikuwa wameanza kuulizana alipotokeza barabarani akichechemea, kandambili moja mguuni, nyingine imekatika kaishika mkononi, midomo imekauka. Hawakuwahi kumwona amechoka vile, na siku hiyo mashindano hayakufanyika.

Dorothea alitoka mbio. Akampokea kikapu, akamkalisha kwenye jiwe la getini, akammwagia maji miguuni kwa mikono yake mwenyewe.

"Jamani, mzee! Pole. Pole sana na safari. Habibu kanieleza, basi, gari tumeliacha. Njoo unavyotaka mwenyewe."

Matonya alikunywa kikombe chote bila kupumua. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Alikuwa amepokelewa sawasawa, kama zamani.

Ng'ambo ya barabara kuku walikuwa wakipiga kelele bandani.

"Hebu wasikilize," alisema Dorothea akisonya. "Jirani yetu leo kapitiwa na usingizi. Saa hizi hata kuku hajawafungulia."

Matonya akapapasa ufunguo uliokuwa mfukoni, akautazama mlango wake wa bluu, kisha akaomba maji mengine.