Buluu ya Pete ya Bibi

Mthamini wa mnada aliipeleka pete ya marehemu bibi yetu dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, akakunja uso.

"Yakuti hii imepikwa. Nani kaipika?"

Kaka akatabasamu kama aliyesifiwa. "Fundi wangu. Kaitia tanurini, buluu ikakolea. Si mnasema rangi ndiyo bei?"

Nilimwambia! Nilimwambia mpaka mate yakanikauka: buluu ya bibi ni nyepesi, iache hivyohivyo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mthamini akailaza pete mezani taratibu, kama mtoto aliyesinzia. "Jiwe la zamani lenye rangi yake ya kuzaliwa, hata ikiwa nyepesi, matajiri hulipigania ukumbini. Buluu ya tanuri ipo kila duka."

"Maji yakimwagika hayazoleki," kaka akasema, utadhani niliyamwaga mimi. Kisha uso ukamshuka. "Hereni za bibi nazo..."

"Hereni zake zimefanyaje?"

Akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya fundi.

Nikampokonya simu, nikampigia fundi, nikamuuliza hereni ziko wapi.

"Usiwe na haraka, dada," akanijibu kwa uchangamfu. "Ndiyo kwanza zinaiva."