Besi ya Mvule

Magitaa matatu ya besi, kila moja la nyuzi sita, yalilala juu ya meza ya fundi Mbaruku. Kasanzu, mpiga besi wa bendi ya mji ule, alikuja kuchagua moja.

La mbao ya mninga lilikuwa na sauti tamu, lakini ilikufa upesi. La mpingo lilikuwa kali, kama mtu anayegomba. Kisha akapiga uzi mnene wa lile la mvule. Sauti ikamwingia kifuani, ikakaa.

"Hili hili!"

Fundi akacheka. "Mti mbichi hauimbi, bwana. Huo ulikuwa mlango, umekauka miaka arobaini."

Kasanzu aligeuza gitaa. Mgongoni palikuwa na makovu matatu ya panga, yamezibwa kwa gundi na unga wa mbao. Aliyajua. Siku watu walipovamia nyumba yao, mdogo wake Tuli aliuegemea mlango huo kwa ndani mpaka alipoanguka.

Ngumi ya Kasanzu ilimwangusha fundi kwenye randa zake. "Nani alikuuzia?"

"Sikuuziwa," fundi alisema, akitema damu. "Niliung'oa mwenyewe, nyumba ikiwaka. Ubao mzuri vile uungue bure?"

"Na mtu aliyelala nyuma yake, akipumua?"

"Nina mikono miwili tu, ndugu yangu. Nilibeba mlango."

Kasanzu alilishika gitaa shingoni, akaliinua juu ya kichwa cha fundi kama shoka. Nyuzi sita zikatikisika, zikatoa mlio mzito, mzuri kuliko yote aliyowahi kuisikia. Chini yake fundi alikuwa amefumba macho, anausikiliza.