Viatu vya Baiskeli

Jambo la kwanza aliloliona Amolo ni kwamba viatu vilikuwa vya namba yake. Tangu amwoe, Joab hakuwahi kumuuliza namba ya mguu. Hata gambuti za kuchumia majani ya chai alijinunulia mwenyewe. Leo mumewe ameingia na viatu vya ngozi, bapa, vya kamba, vyenye soli ya mpira, akaviweka mezani juu ya gazeti.

"Vaa."

Akavaa. Vilimtosha, ila ngozi ilikuwa ngumu kama ubao.

"Tembea navyo kila siku mpaka vilainike," Joab alisema. "Mtu asianze kazi na malengelenge."

Amolo aliinamisha kichwa kuficha furaha. Alijua ni kazi gani. Zahanati ya shamba ilitaka mwanamke wa kuzunguka kwa baiskeli kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, apeleke dawa na kuangalia watoto. Joab alikuwa karani kiwandani. Alikuwa amenunua baiskeli ya kike kwa Mzungu aliyekuwa anahama, na akasema atazungumza na wakubwa. Amolo aliishia darasa la tano. Maisha yake yote hapa milimani yalikuwa kikapu mgongoni na umande hadi kiunoni. Sasa alianza kuwaza mgongo mkavu.

Jumamosi walikwenda sokoni Kimulot kwa Mogaka, fundi wa cherehani. Joab mwenyewe alichagua kitambaa: kaki nyepesi, isiyoonyesha vumbi, inayokauka upesi.

"Mama, inua goti kama unayepiga pedali," Mogaka alisema, futi yake shingoni.

Amolo aliona haya, akainua kidogo.

"Zaidi! Sketi ikibana, mtu ataendesha kama kuku aliyefungwa miguu. Ikiwa pana kupita kiasi, mnyororo utaila."

Wakakubaliana: marinda mawili mbele, urefu chini kidogo ya goti, na kaptura laini ya kuvaa ndani ili tandiko lisichubue mapaja.

"Kiunoni ongeza," Joab alisema. "Uache na kitambaa cha kufumulia baadaye."

Mogaka alimtazama Amolo, akatabasamu. Amolo alitazama sakafu. Nyumba yao haikuwa na mtoto bado, na hakuwahi kujua kwamba Joab angali ana tumaini. Njiani kurudi alitembea nyuma yake kama kawaida, lakini moyo ulikuwa mbele.

Mwezi ule wote alivaa viatu vile. Visigino vilichubuka, vikatoa damu, vikakauka, vikachubuka tena. Alifunga vitambaa ndani ya soksi na hakulalamika. Jioni, akishatua kikapu, alijifunza baiskeli kwenye barabara ya kiwandani. Joab ndiye aliyetaka aendeshe amevaa sketi mpya, ili ijulikane kama sketi inakwama mahali. Wanawake wa laini walitoka milangoni kumtazama.

"Nyar Seme!" Nyambeki, jirani yake Mkisii, alimwita kwa jina la kwao, binti wa Seme. "Umekuwa memsahibu! Ukifika huko juu usitupungie mkono kama hutujui!"

"Nitawabeba wote," Amolo alijibu, akifunika mdomo kwa kiganja. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyoyasema mwezi ule.

Joab hakuwepo siku nyingine. Alikwenda kwao ziwani kwenye msiba, akarudi, akaenda tena.

Jioni moja ya mvua Amolo alirudi kutoka mteremko wa darajani ana tope hadi nyweleni, goti limefura, baiskeli anaikokota. Joab alimgeuza huku na huku.

"Sketi haikuraruka," alisema, akaingia ndani.

Hatimaye viatu vikawa laini kama mashavu ya mtoto. Ijumaa Joab alimwambia avipake rangi, apige sketi pasi. Kazi ilikuwa imepatikana, inaanza Jumatatu. Amolo alivipaka mpaka akauona uso wake ndani yake.

Jumamosi aliporudi kutoka kuchuma, mlangoni alikuta kisanduku cha bati. Ndani, kwenye kiti, mdogo wake Ayoo, aliyemaliza darasa la saba, alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Dada!" Ayoo alirukaruka. "Ona, haviumi hata kidogo! Kama nimezaliwa navyo!"

Sketi iliyompwaya Amolo kiunoni ilimkaa Ayoo barabara.

"Ng'ombe wameshafika kwenu," Joab alisema, akimimina chai. "Baba yenu amefurahi. Anasema ni afadhali wake wawili wawe wa tumbo moja, nyumba haitakuwa na kelele. Na zahanati walitaka aliyesoma."

Amolo alikuwa bado na kikapu mgongoni. Alikitua polepole.

"Ayoo, shuka ukamsalimie sista wa zahanati," Joab aliendelea, "akuone leo, Jumatatu usiwe mgeni."

Juu ya msitu wa Mau wingu lilikuwa limeshakaa. Ayoo alitoa baiskeli uani, akashika usukani.

"Kwetu njia ni tambarare, dada. Huku kuna kitu natakiwa kujua?"

Amolo alipiga magoti mbele yake. Alizifungua kamba za viatu, akazifunga upya, vizuri, kila kiatu mafundo mawili. Kisha akatikisa kichwa: hakuna.

"Umeona?" Joab alicheka. "Nilikwambia dada yako hana neno."

Baiskeli ilishika mteremko wa darajani, kengele ikilia. Matone ya kwanza yakagonga mabati. Amolo alibaki amepiga magoti mpaka sketi ya kaki ilipopotea katikati ya michai.

"Mvua ikinyesha, breki hazishiki," alisema. "Ushuke, usukume."