Miayo ya Saa Nne

Saa nne kamili, Luciana alifungua mdomo.

Aliufungua taratibu mpaka ulipogoma, akaushikilia hapo, akahesabu kimoyomoyo hadi kumi, akaufunga. Akarudia. Alipofika mara ya tatu, mzee Abeli wa benchi la nyuma alishapiga mwayo uliosikika hadi altareni. Jirani yake akaudaka. Ukavuka upande wa kina mama, ukaingia kwaya, na kufikia mara ya tano kigango kizima kilikuwa kinapiga miayo. Katekista Teodori alibana midomo mimbarini asije akawafuata.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema, na mahubiri yakaishia hapo.

"Milele, amina," waliitikia, wengine wakiwa bado hawajafunga vinywa.

Hakuna aliyemlaumu mtoto. Kijiji kizima cha Mollo kilijua kwamba Luciana, mwenye miaka kumi na mitatu, ana ugonjwa wa viungo ambao watu walizoea kuuita wa wazee. Ulianzia magotini, ukahamia vidoleni, kisha ukaingia kwenye taya, pale mbele ya sikio. Mama yake, Hellena, alidhani ni jino. Jino likaangaliwa, likakutwa zima. Msimu mzima alimpukuchulia mahindi ya kuchoma punje kwa punje, maana mdomo haukutosha kuuma hindi.

Daktari wa mjini alimpa dawa, na zoezi: kila saa inapotimia, fungua mdomo mara tano. Siku ya kupona vitaingia vidole vitatu vya mkono wake mwenyewe, kimoja juu ya kingine. Vya Luciana viliingia viwili, navyo kwa kubembeleza. Kama hadi Julai cha tatu kingebaki nje, angepelekwa Mbeya kwa mabingwa akae huko miezi, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa Septemba. Luciana aliutaka mtihani ule kufa na kupona.

Hellena aliomba mtoto awe anatoka nje saa ikifika. Teodori alikataa katakata. Mgonjwa hafukuzwi kanisani kwa ajili ya katekista.

Mkewe, Silvana, akaongeza wema juu ya wema. Alimhamishia Luciana kwenye benchi la mbele ili jua la dirishani limpate magotini, akakaa naye, na kila ilipotimia saa nne akamgusa bega asije akasahau. Hellena alipojifungua wakati wa Pasaka, Silvana ndiye aliyempeleka Luciana kliniki.

Mwenye shida alibaki Teodori. Kwa miaka kumi na minane mahubiri yake yalichukua dakika hamsini. Hata somo likiwa la Mtakatifu Paulo, yeye alianzia kwa Adamu, akapumzika kidogo kwa Nuhu. Sasa alikuwa na dakika kumi tu kabla ya saa nne. Alijaribu kusema harakaharaka. Alijaribu kupaza sauti. Alijaribu kutoangalia benchi la mbele, lakini mwayo hauhitaji kuangaliwa, unasikika.

Mwishowe akaanza kupunguza. Adamu alitangulia kuondoka, akafuata Nuhu, kisha visa vyote vya ujana wake. Kufikia Juni alikuwa na neno moja tu kila Jumapili. Alilisema vizuri na kuketi saa nne ikiwa bado dakika moja. Waliokuwa wamehamia kusali Kizwite wakaanza kurudi mmoja mmoja, na Teodori hakuelewa wamefuata nini.

"Leo umehubiri vizuri, baba," Silvana alimwambia mezani.

"Vizuri wapi, na nusu imebaki kwenye daftari? Subiri Luciana apone. Kitabu cha Kutoka chote kinanisubiri."

Silvana alimwongezea maharage.

Kila jioni Teodori alimwombea mtoto yule. Aliomba kwa moyo wake wote, ingawa alijua robo ya moyo huo ilikuwa ikiliombea daftari.

Siku ya kliniki ya Julai, Silvana alikuwa msibani Namanyere na Hellena alikuwa na kichanga. Teodori akamfunga Luciana blanketi kwa ajili ya upepo, akampakia kwenye pikipiki hadi mjini. Kwa kawaida Luciana ni msemaji. Siku hiyo hakusema kitu njia nzima, na Teodori akajua ni hofu ya Mbeya. Hata yeye alikuwa nayo.

"Haya, tuone vidole," alisema Daktari Debora.

Kikaingia kimoja. Kikaingia cha pili. Cha tatu kilisita kwenye meno, Luciana akafumba macho, akavuta pumzi puani, kikaingia. Alianza kucheka na kulia kwa pamoja, mkono ukiwa bado mdomoni. Teodori alivua kofia na kujifutia machozi bila kujificha. Kwa furaha aliyokuwa nayo, angeweza kupiga vigelegele.

"Mbeya huendi," daktari alisema. "Mtihani utaufanyia shuleni kwako. Dawa usiziache."

"Mungu ni mwema," alisema Teodori. Akakohoa kidogo. "Na lile zoezi la kila saa, daktari, sasa basi?"

Daktari Debora alifunua faili, akarudi ukurasa mmoja nyuma.

"La kila saa nililifuta tangu Aprili, katekista. Ni asubuhi na jioni tu, nyumbani. Nilimweleza mama aliyemleta."

Teodori alimgeukia Luciana. Mtoto alitoa vidole mdomoni, akatazama chini.

"Mama Katekista aliniambia la Jumapili nisiache," alisema. "Alisema taya langu limeshaanza kupona, mahubiri bado."