Bangili ya Nyamizi

Haya alinieleza binti yangu Mwamvita jana jioni, ametoka kumpeleka mwanawe Nyamizi kambi ya skauti. Siku hizi kila mtoto ana bangili ya kumfuatilia, na kwenye skrini ya ukutani nyumbani unaona alipo na anavyopumua. Lakini skauti wana sharti: mzazi aivue mwenyewe getini, la sivyo mtoto anarudi naye.

Mwamvita aliishika, mkono ukagoma.

“Mama, wenzangu wanaingia! Kwani wewe ulipokuwa mdogo, bibi alijuaje uko wapi?”

“Alikuwa hajui. Alikuwa ananingoja tu.”

“Basi na wewe ningoje.”

Akaivua.

Alipomaliza kunieleza, akautazama ukuta mtupu. “Mama, ulikuwa unalalaje?”

“Nani kakwambia nilikuwa nalala?”

Akacheka mpaka machozi, akaniegemea begani, na usingizi ukamchukua.