Radhi ya Tarehe Mbili Machi

Sheria ilikuwa hivi: mtu akishazikwa, familia hutengenezewa programu inayoongea kwa sauti yake. Hukaa nayo siku arobaini, kisha huifuta. Kabla ya kuifuta, mmoja wao husoma kwa sauti taarifa za faili lake, wote waridhike kuwa ndilo lenyewe.

Asubuhi ya arobaini ya mama yao, Mwanahawa ndiye aliyepewa kusoma. Uani wanawake walikuwa wakichambua mchele. Alifungua dirisha jeusi la kompyuta, akaandika amri, mistari ikashuka.

"Jina, Sikudhani binti Kombo. Toleo la tatu. Iliundwa tarehe mbili Machi..."

Akaurudia mstari huo kwa macho. Mama yao alifariki mwishoni mwa Aprili.

"Saa ya kompyuta hiyo imekosea, dada," akasema upesi Shabani, mdogo wake aliyemuuguza mama. "Futa tu, watu wanangoja."

Mwanahawa akaandika amri nyingine, ya kusoma muhuri wa mtengenezaji, usiotegemea saa ya kompyuta. Tarehe mbili Machi. Machi na Aprili alikuwa bado ughaibuni, akimpigia mama simu kila Ijumaa. Ijumaa ya mwisho alimwomba radhi kwa kutorudi kumuuguza, na akapewa.

"Shabani, mama alikuwa anaweza kuongea?"

Shabani akainama. "Tangu Februari hakutamka neno. Nawe kila ukipiga, ulikuwa unalia."

Mwanahawa akaisogelea spika ya kompyuta. "Mama, radhi yako ninayo?"

"Nilishakupa, mwanangu," ikajibu ile sauti, kisha ikakohoa kidogo, kikohozi kilekile cha Ijumaa ile.