Zita Aliulizwa

"Zita, unaolewa kwa hiari yako, au umelazimishwa?"

Padri aliuliza kwa mara ya tatu, polepole, kalamu ikisubiri juu ya fomu. Baba alishaambiwa asubiri nje. Ofisini tulibaki mimi na mdogo wangu, mimi nikiwa shahidi wake.

Mara tatu! Mimi nilipoozwa nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilitolewa shambani kule Tlawi, jembe mkononi, nikaambiwa nikaoge. Hakuna aliyeniuliza hata kama nimekula.

Zita alikuwa ananitazama mimi. Jana alinionyesha kwenye simu shule aliyopangiwa kidato cha tano, akalia. "Dada, mimi nikisema Baba atanifukuza. Wewe Padri atakusikiliza. Mwambie nalazimishwa."

Kidole chake cha kati kilikuwa na sugu ya kalamu, ngumu kama punje ya mahindi. Miaka kumi na mmoja ya shule. Sugu zangu ni za jembe, zimejaa kiganja kizima.

Padri akanigeukia. "Wewe dada yake, kuna mtu amemlazimisha?"

Niliitazama ile sugu.

"Hakuna, Padri. Anaona aibu tu."

Zita akainamisha kichwa. Padri akaguna, akaandika, kisha akanisogezea fomu. Akauliza kama najua kuandika jina, au alete wino niweke dole gumba.

"Najua," nikasema, nikaishika kalamu vile Zita alivyonifundisha.